Kikohozi cha Kwenye Simu

Chumba ninachoshonea mapazia nakigawana na fundi makochi ambaye mtaa mzima unamwita Sponji. Upande wa dirishani ni wangu na cherehani yangu, upande wa mlangoni ni wake na vumbi lake. Jina alipewa na bosi wake wa zamani, aliyemfumania saa za kazi amelala fofofo katikati ya rundo la sponji, na likamganda. Siku hizi hata mkewe akija kumtafuta huulizia Sponji. Ni mtu wa miraba minne, anavuta springi kwa mikono mitupu, lakini moyo wake ni laini kuliko hiyo bidhaa anayoikata kutwa, na niseme mapema kwamba ulaini huo ndio uliomponza. Watu hudhani uongo huletwa na roho mbaya. Mimi nimeishi vya kutosha, na uongo mwingi nilioushuhudia uliletwa na watu wapole wasiojua kusema "hapana, leo hakuna."

Mama yake anaishi mbali, safari ya basi ya kutwa nzima, pamoja na dada yake Sponji. Macho ya mama yaliingia ukungu polepole, mtoto wa jicho kulia na kushoto, mpaka akabaki kutofautisha mchana na usiku, na kivuli cha mtu akisimama mlangoni. Mjukuu wake, mtoto wa pekee wa Sponji, alizaliwa ukungu ukiwa umeshashuka. Alimpakata na kumwogesha walipompeleka akiwa mchanga, lakini sura yake haijui. Picha za kutumiana hazimfai kitu. Hata zingemfaa, simu yake ni ile ndogo ya vibonyezo, yenye tochi kichwani, ambayo ikianguka inabidi uitafute betri chini ya kitanda.

Kwenye namba tano, pale penye kale kanundu kanakosikika kwa kidole, dada mtu alimwekea namba ya Sponji. Mama akibonyeza tano na kushikilia, simu inaita kwa mwanawe. Namba nyingine hajui kupiga. Basi kila jioni, akishasikia kuku wameingia bandani, alibonyeza tano, na Sponji akipokea, mama hakuuliza habari za kazi wala za hela. Alisema neno moja tu.

"Nionjeshe."

Yaani amwonjeshe sauti. Ndivyo walivyozoea, mama na mwana, tangu macho yalipofunga. Sponji alisogeza simu kwenye birika linalochemka, kwenye kijiko kinachokoroga chai, kwenye mvua ya juu ya bati, na zaidi ya vyote kwenye beseni ambamo mtoto alikuwa anaogeshwa. Mama naye alimwonjesha ya kwake: maharage yakipepetwa kwenye ungo, vifaranga vipya, mlango wa jikoni ambao Sponji aliuvunja bawaba utotoni na mpaka leo unalia vilevile. Dakika chache tu, kisha "haya mwanangu, nimeshiba," na simu inakatwa. Asubuhi Sponji angenisimulia, jana mama kanionjesha hiki, mimi nimemwonjesha kile, na mimi nilimwonea wivu, sifichi. Wanangu mimi wakinipigia ujue kuna kitu wanataka.

Mambo yaliharibika kwa jambo la heri. Hoteli moja mpya ilimpa Sponji viti vyote vya ukumbi wake, avivue kitambaa cha zamani, abadilishe sponji, avivalishe upya. Wiki moja kabla ya kazi kuanza, mtoto alishikwa na mafua. Mkewe, ambaye mimi namwita wifi, ni mpishi wa shule, na jikoni kwake hakuna wa kumshikia zamu, hivyo Sponji akabaki nyumbani kulea. Anasema hajawahi kuwa na wiki tamu kama ile. Walicheza, walilala mchana, walioga kila walipojisikia. Na kwa kuwa alijua kazi ikianza atakuwa anarudi mtoto amelala, akachukua simu yake ya zamani, yenye kioo kilichopasuka na mgongo uliofungwa kwa utepe, akawa anarekodi. Mtoto akiwa kwenye beseni. Mtoto akitafuna biskuti. Mtoto akitekenywa na kupiga kelele, "Tena! Tena!" Alizirekodi ili akiwa kazini azisikilize yeye mwenyewe. Hiyo ndiyo ilikuwa nia yake ya kwanza, na mimi naiamini.

Jioni ya kwanza ya viti vya hoteli, simu iliita tukiwa bado karakana. Sponji alikuwa na misumari midogo mdomoni, kama kawaida ya mafundi makochi, kwa hiyo aliipokea kwa kiwiko na kufungua spika.

"Nionjeshe," mama akasema.

Sponji alitema misumari kiganjani, akaichukua ile simu mbovu, akaielekeza kwenye ile nzima. "Ngoja mama, sikiliza hii," akasema. Nilimwona kabisa anafungua mdomo kumalizia kwamba hii nilirekodi juzijuzi. Lakini maji yakavuma, mtoto akacheka, na mama huko aliko akaruka.

"We! We mtundu! Unammwagia nani maji?"

Rekodi, kwa bahati mbaya, ikajibu: "Tena!"

"Tena?" Sauti ya mama ilijaa sukari. "Haya, msikilize paka wa bibi. Nyau!"

"Tena!"

"Nyaaau!"

Sponji akafunga mdomo wake. Mama alipotosheka na kukata simu, nilimwambia pale pale.

"Umwambie, Sponji."

"Nitamwambia kesho, dada. Umemsikia alivyofurahi?"

"Nimemsikia. Ndiyo maana nasema umwambie."

"Kesho."

Nyote mliowahi kupeleka kochi kwa fundi mnaijua hiyo kesho. Ilikwenda ikirudi, na kila jioni simu mbovu ikatolewa mfukoni. Leo beseni, kesho biskuti, keshokutwa kutekenywa, ili mama asishtuke kusikia kitu kilekile. Na hapa ndipo hasira zangu hupanda, maana mtoto mwenyewe alikuwa mtaa wa pili! Wifi hupita mbele ya mlango wetu kila siku akitoka kumchukua chekechea. Ilitosha Sponji amwambie, "Mpitishe hapa jioni, aongee na bibi yake." Ilitosha amwambie mama, "Leo nipo kazini." Lakini kubonyeza kitufe ni rahisi kuliko maneno yote hayo, na mtu akishaonja urahisi hata mara moja, kumrudisha ni kazi.

Baadaye hata kusikiliza akaacha. Alizilaza simu mbili juu ya kiti, uso kwa uso, akaendelea kuvuta kitambaa na kupigilia misumari. Jioni moja gari la vitambaa lilifika, akatoka nje kupokea mizigo, mama bado yuko hewani. Nikabaki mimi, cherehani nimeisimamisha, nikimsikia mama wa watu akimlilia "nyau" mtoto asiyekuwepo, simu ikimjibu "tena," naye akilia nyau tena, kwa bidii, mpaka pumzi ikamwishia akacheka peke yake. Nilitaka kusema, mama, hapa hakuna mtu. Lakini nani ana ulimi wa kusema hivyo? Nikarudi kwenye pazia langu, na siku ile nilishona upindo kombo nikaufumua wote.

Sasa, mtoto aliyerekodiwa ni mtoto mwenye mafua. Katika kila rekodi, mwishoni au katikati ya kicheko, kulikuwa na kikohozi, kikavu, kifupi. Sponji hakukisikia, na mimi sikukisikia. Karakana ya makochi ina vumbi la sponji la kutosha kumkohoza hata mteja aliyechungulia mlangoni. Kwetu kukohoa ni kama kuitikia hodi. Mtoto alipona mafua yake kabla kiti cha kwanza hakijavuliwa kitambaa. Kwa bibi yake hakupona.

"Mtoto hajambo?" mama alianza kuuliza.

"Hajambo kabisa, mama."

"Kweli?"

"Kweli tupu. Si unamsikia?"

"Namsikia," mama akajibu.

Aliuliza hivyo kwa muda, kisha akaacha kuuliza. Sponji alifurahi, akaniambia, unaona, sasa ametulia.

Nimeacha jambo kubwa kuliko yote, nilikuwa naliogopa. Hospitali ya kule kwao ilikuwa inangojea madaktari wa macho, wale wanaokuja kwa nadra, wanapasua kwa siku chache, kisha wanakwenda zao. Safari yao iliyopita mama alirudishwa kwa sababu ya presha. Safari hii presha ilikuwa imetulia na zamu yake ilikuwepo. Sponji alikuwa ameahidi kwamba siku bandeji inatolewa, yeye na mtoto watakuwa wamekaa palepale ukingoni mwa kitanda, ili kitu cha kwanza mama atakachokiona kisiwe ukuta wa wodi. Viti vya hoteli alivipigania usiku na mchana kwa ajili hiyo, avimalize awahi safari. Begi la mtoto lilikuwa limeshapangwa. Tena alinichagua mimi nimshonee mtoto shati jekundu, eti rangi inayoonekana upesi.

Siku ya madaktari kuanza kupima wagonjwa, dada yake alipiga simu asubuhi. Sponji alikuwa na gundi mikononi, akafungua spika kwa kidole cha mwisho.

"Mtoto wako ana nini?" dada mtu akauliza, hata salamu hakuna.

"Mtoto gani?"

"Usinifanye mjinga! Una watoto wangapi? Mama ameondoka. Mimi niko hospitali tangu alfajiri namshikia foleni, narudi kumchukua nakuta kitanda kimetandikwa, simu yake kaiacha juu yake. Kamwomba jirani ampandishe basi la asubuhi. Ameacha maneno kwamba niwaambie madaktari zamu yake wampe mtu mwingine, yeye anakwenda kumwona mtoto anayekohoa."

"Anayekohoa nani?"

"Mwanao! Anasema kila jioni anamsikia. Wiki baada ya wiki, kikohozi kilekile kikavu, na wewe unamwambia hajambo. Kwa nini hukuniambia mimi, hata mimi?"

Sponji alikuwa amesimama na brashi ya gundi, inamdondokea kwenye kiatu. "Lirudishe hilo basi," akasema.

"Nirudishe basi, mimi ni dereva?"

"Kesho je? Akirudi kesho?"

"Leo ndiyo wanapima. Kesho wanapasua waliopimwa leo. Wakimaliza wanaondoka, na watarudi lini, Mungu ndiye ajuaye." Kisha sauti yake ikashuka. "Ndugu yangu, niambie ukweli. Mtoto anaumwa nini?"

"Haumwi," Sponji akasema, na dada yake akakata simu kwa hasira, akidhani bado anafichwa.

Alikaa kwenye kiti kisicho na mto, juu ya mbao tupu. Akaitoa ile simu mbovu, akabonyeza. Nilisimamisha cherehani. Beseni: maji, kicheko, kikohozi. Biskuti: kutafuna, kutafuna, kikohozi. Kutekenywa: tena, tena, kikohozi. Zote tulizisikiliza, moja baada ya nyingine, na kila moja ilikuwa nacho, kimekaa waziwazi kama mgeni tuliyemruka bila kumsalimia. Sponji aliinamisha kichwa. "Dada," akaniambia, "nimemtoa mama yangu macho." Wanasema majuto ni mjukuu, na huyu wa kwake alikuwa na miaka mitatu na shati jekundu. Nilikuwa na mengi ya kumwambia siku nyingi, nimeyapanga kabisa. Yakaniishia mdomoni.

Mchana alikwenda kumchukua mtoto, akaja naye kusubiri. Jua lilikuwa linaelekea kuzama kondakta wa basi alipomleta mama, amemshika mkono, akiwauliza watu njia nzima fundi Sponji ni wapi. Mama ni mwembamba, mrefu, na alivaa viatu vya kanisani au vya harusi, vile ambavyo watu huvitunza kwa mambo mazito. Mkononi alikuwa na chupa ya asali iliyoviringishwa kwa nguo ili isivunjike.

"Shikamoo mama," nikasema.

"Marahaba. Yuko wapi?" Mtu wa umri wake asikae hata kwenye salamu!

Nilimkalisha kwenye kiti cha hoteli. Sponji akampa mtoto. Mama alimgeuza, akampandisha shati, akaweka sikio mgongoni, upande huu, kisha upande ule. Mtoto alijinyonganyonga kwa kutekenyeka.

"Vuta pumzi, babu yangu. Vuta sana. Toa." Akasikiliza. "Tena."

Kondakta naye alikuwa amesahau kuondoka.

"Kifua kimetulia," mama akasema, na machozi yakamtoka yale macho meupe. "Mungu mkubwa. Kimetulia kabisa. Amepona lini?"

Hapo jibu lilikuwepo, tayari, limeiva. Angesema tu "jana, mama." Angesema "ni dua zako." Mama angerudi nyumbani amefurahi, na macho yake angeyahesabu kuwa ameyatoa kwa ajili ya kitu. Nilimwona Sponji akilitazama jibu hilo. Nami nilimtazama yeye, na ningekuwa karibu ningemfinya.

"Mama, hakuwa anaumwa," akasema.

"Usinifiche tena. Baba yenu mlinificha. Wewe na dada yako, mmoja akitoka mwingine akiingia, hajambo mama, anapata nafuu mama, mpaka nikasikia watu wanashusha jeneza uani. Mficha maradhi kifo humuumbua. Nilikuuliza, ukasema hajambo. Nikauliza tena, ukasema kweli tupu. Nikajua, ni yaleyale. Nikasema safari hii sitangoja kuambiwa."

"Mama, ni simu."

"Simu gani?"

Ilibidi amweleze kwa kupiga magoti, na hata hivyo mama hakuelewa. Neno kurekodi analijua, lakini hakuona linahusika wapi. Mwishowe Sponji akaiweka ile simu mbovu kwenye mapaja yake na kubonyeza. Maji yakavuma. Mtoto, aliyekuwa palepale kwenye mapaja hayohayo, akachangamka.

"Ni mimi!" akapiga kelele. "Bibi, ni mimi!"

Mama aliisikiliza mpaka mwisho, mpaka kikohozi. Kisha akaipapasa simu, akaigeuza, kana kwamba anatafuta mahali ilipotobolewa.

"Hii ndiyo nilikuwa naongea nayo?"

"Si siku zote, mama. Tangu kazi ya hoteli."

"Na wewe ulikuwa wapi?"

"Hapa. Kazini."

"Na ule unyau wangu," akasema polepole, "alikuwa anausikia nani?"

Sponji aliinama, akaanza kuokota misumari sakafuni.

"Nimekuuliza."

"Mimi, mama."

Hata hilo halikuwa kweli yote, na nadhani mama aliligundua kwenye sauti, maana aliugeuza uso wake upande wangu. "Na wewe mwanangu uliyekaa hapo. Ulikuwepo?"

"Nilikuwepo, mama," nikasema. "Nilikusikia."

"Basi afadhali. Kulikuwa na mtu."

Aibu iliyonishika pale siwezi kuieleza, na mimi si niliyekosa. Ya Sponji sijui aliibebaje. Alianza kulia, dume zima, na mtoto akamwuliza kama amejigonga. Mama hakumbembeleza wala hakumgombeza. Alitafuta kichwa chake kwa mkono, akauacha mkono pale.

"Ungeniambia leo hakuna," akasema. "Ungesema mama, nina kazi, leo sina cha kukuonjesha. Ningelala. Nimeshalala bila vitu vingi."

Kisha akaomba chai.

Alikaa siku chache. Wifi alipoambiwa habari yote hakusema na mumewe mpaka mama alipoondoka, na alipoanza kusema alisema yote kwa pamoja. Sponji aliviacha viti vya hoteli vilivyobaki kwa fundi mwingine, akamsindikiza mama yake mwenyewe, wakapitia hospitali wakiwa bado na vumbi la safari. Wodi ilikuwa inapigwa deki. Waliobaki ni wagonjwa wa bandeji wanaosubiri kuchukuliwa na ndugu zao, mmoja akishangaa mistari ya kiganja chake. Nesi aliangalia macho ya mama kwa tochi, akamwambia Sponji pembeni kwamba la kulia bado linaweza kungoja, la kushoto asilihesabu sana. Madaktari huenda wakarudi mwakani, huenda wakapelekwa kwingine. Aliponisimulia hayo, alisema mama alikuwa amekaa karibu na yule anayekitazama kiganja chake, akimuuliza, kwa furaha kabisa, "Unaonaje?"

Rekodi alizifuta zote, jambo ambalo wifi hajamsamehe, maana wiki ile ya mafua yeye hakuwepo na hana namna nyingine ya kuisikia. Siku hizi wifi humpitisha mtoto karakana kila jioni. Anacheza kwenye vipande vya sponji, anapotelea humo mpaka tunamtafuta kwa jina. Kila mtu angefikiri mambo yamekaa sawa, na mimi nilifikiri hivyo, mpaka simu ya kwanza tangu mama arudi kwake.

Iliita tukiwa wote. Nilimwona Sponji anafuta mikono kwenye suruali kama anayekwenda kusalimiana na mkubwa. Akafungua spika.

"Mama, yupo hapa. Sasa hivi anaruka kwenye sponji, sikiliza!"

Akamwelekezea mtoto simu, na mtoto akaruka, akaanguka, akacheka kicheko kile kile cha siku zote, kizima, hakina kikohozi hata chembe. Mama alikiacha kicheko kipite chote.

"Mwulize," akasema, "leo amevaa nini."

"Bibi anauliza umevaa nini."

"Gunia!" mtoto akajibu, na ni kweli, alikuwa amejifunga lile gunia linalolazwa juu ya springi, amelifanya joho.

"Gunia!" Mama akacheka. "Na mvua inanyesha huko?"

"Hainyeshi! Kuna jua, na mama kaninunulia ndizi!"

Nilicheka, wifi akacheka. Sponji naye alicheka nasi, kisha nikaona kicheko kinamkatikia usoni. Alikuwa ameelewa. Mama alikuwa anauliza yale ambayo simu mbovu isingeweza kuyajibu. Aliuliza kwa upole, kama bibi yeyote anayemchekesha mjukuu, na hakuwa anachekesha. Jioni iliyofuata aliuliza jingine, na iliyofuata jingine, na mpaka leo haanzi kucheka kabla hajajibiwa.

Siku ile, mtoto aliporudi kwenye sponji zake, mama hakukata.

"Na wewe, upo?"

"Nipo, mama."

"Hapo hapo?"

"Hapo hapo, mama."

"Haya, sema kitu."

"Kitu gani, mama?"

"Chochote. Ambacho hukunisemea jana."

Sponji alitutazama, wifi na mimi, kana kwamba tungemsaidia. Wifi aliangalia pembeni. Sponji akatazama mikono yake.

"Leo nimejigonga kidole kwa nyundo," akasema. "Hiki cha gumba. Kucha imekuwa nyeusi."

"Kinauma?"

"Kinauma, mama."

Mama akaisikiliza sauti hiyo.

"Haya," akasema. "Basi ni wewe."